Usihukumu Ngoma Ukiwa Nje ya Mlango



Leo sianzi na andiko. Naanza na ujumbe wa WhatsApp.

Jumanne usiku mama mmoja wa kanisa letu hapa Nakuru aliniandikia hivi: "Pasta, samahani kwa kukusumbua saa hizi. Msichana wangu amefikisha miaka 11. Anataka kuanza densi kwa ile shule ndogo inayofundisha ukumbini, nyuma ya soko, Jumamosi asubuhi. Ameniomba tangu likizo. Nikimkataza, nitakuwa namlinda au namwonea?"

Soma tena hilo swali la mwisho. Kuna wazazi wengi hapa ambao wamelala nalo usiku mwingi, ila hawajapata ujasiri wa kumwandikia pasta.

Nilianza kumjibu upesi, vile sisi watumishi hujibu tukiwa tumechoka. Nilikuwa nimeshaandika, "Mama, tuwe macho na mambo ya dunia hii," kidole kikakataa kutuma. Jibu hilo nilishawahi kulitoa. Na lilinigharimu mtu.

KIJANA NILIYEMPOTEZA

Miaka 9 iliyopita tulikuwa na kijana katika timu ya sifa. Alikuwa na miaka 16, mwepesi, mwenye furaha, yule ambaye akianza kucheza kwenye ibada hata wazee wa nyuma wanasimama. Siku moja mtu akaniletea habari kwamba kijana huyo amejiunga na kikundi cha densi cha mtaani, na kwamba wanafanya mazoezi kila jioni.

Sikwenda kuona. Sikumwita nimuulize. Sikumpigia hata mzazi wake simu. Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilimsimamisha mbele ya timu nzima nikamwambia achague, madhabahu au densi. Niliona nimetetea nyumba ya Mungu.

Kijana aliweka maikrofoni juu ya spika, polepole, kama mtu anayeweka kitu cha wenyewe, akatoka. Hajarudi mpaka leo. Mama yake bado anakaa safu ya tatu upande wa kushoto kila Jumapili, na kila nikihubiri juu ya mwana mpotevu huwa siwezi kumtazama usoni.

Nasimulia haya kwa ruhusa ya wote wawili. Wiki hii nilimpigia simu kijana huyo, ambaye sasa ni baba wa mtoto mmoja, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante, pasta. Nilikuwa nikingoja." Hakusema atarudi. Sikumuuliza. Nilichomkosea hakina malipo ya haraka.

Kwa hiyo nilifuta ule ujumbe wa kwanza, nikamwandikia yule mama: "Nipe mpaka Jumamosi. Nitaenda kuona."

WAWILI WALIOTAZAMA KWA MBALI

Kabla sijawaeleza nilichoona, fungua pamoja nami Luka 15 kuanzia mstari wa 25. Tunaupenda mfano huu, lakini tukifika kwa kaka mkubwa huwa tunaharakisha.

Kaka mkubwa anatoka shambani. Anapokaribia nyumba anasikia muziki na watu wakicheza. Angalia anachofanya. Haingii. Anamwita mtumishi mmoja na kumuuliza kuna nini mle ndani. Akishapata jibu anakasirika, anabaki nje. Yaani mtu huyu aliihukumu sherehe ya baba yake mwenyewe kwa sauti iliyotoka dirishani na habari ya kuletewa. Hakuona uso wa mdogo wake. Hakuona machozi ya baba. Alisikia ngoma, basi.

Sasa nenda 2 Samweli 6. Sanduku la Bwana linaingia mjini, na mfalme Daudi anacheza kwa nguvu zote mbele za Mungu, amevaa efodi ya kitani. Mikali yuko wapi? Dirishani. Anamwona mumewe akirukaruka na kumdharau moyoni. Watu wote wako barabarani, yeye yuko juu anaangalia chini.

Mmoja nje ya mlango, mwingine dirishani. Wote wawili walikuwa na haki ya kuwa katikati ya ile furaha, na wote wawili waliikosa kwa sababu walitoa hukumu wakiwa mbali.

Na mimi Jumapili ile nilikuwa nimesimama pale pale pamoja nao.

NILICHOONA UKUMBINI

Jumamosi saa tatu kasoro nilifika. Ni ukumbi wa kawaida, mnaujua, ule ambao jioni hufanyiwa mikutano ya vyama na wikendi nyingine hukodishwa kwa harusi. Sakafu ya simenti. Viti vya plastiki vimepangwa ukutani. Hakuna vioo vikubwa kama vile vya kwenye televisheni. Kuna spika moja, chupa za maji, na viatu vya watoto vimepangwa mlangoni wawili wawili.

Watoto walikuwa kama 18. Nilitarajia muziki wa kelele tangu mwanzo. Dakika 15 za kwanza hakukuwa na muziki wowote. Walitembea kuuzunguka ukumbi, wakazungusha mabega, wakanyoosha miguu, wakapasha mwili joto. Mwalimu, dada wa miaka thelathini hivi, alikuwa akisema, "Simama kama mtu anayejua ametoka wapi." Mtoto mmoja aliyekuwa ameinama kwa aibu akainua kichwa.

Kisha wakaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Wanarudia. Hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, geuka, subiri. Hilo neno "subiri" ndilo lililowashinda wengi. Mtoto akichelewa hachekwi. Mstari mzima unaanza upya pamoja naye. Nilihesabu, walirudia kipande kimoja mara 11 kwa sababu ya kijana mmoja mdogo, na alipokipata wote walipiga makofi.

Mwalimu akanigeukia. "Pasta, hapa hakuna watazamaji. Karibu."

Ndugu zangu, mimi ambaye kila Jumapili naruka madhabahuni mpaka koti linalowa jasho, nilishindwa kufika nane. Nilifika tano, miguu ikagongana. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Msichana mmoja wa kanisani kwetu, ambaye sikujua kama yuko pale, alikuja akanishika mkono akaniambia, "Pasta, usitazame miguu. Sikiliza kwanza."

Nimesoma chuo cha Biblia, nimehubiri zaidi ya miaka 15, na mtoto wa Gredi ya 5 amenipa mahubiri ya maneno machache. Usitazame miguu. Sikiliza kwanza.

SHIDA HAIKO KWENYE MIGUU

Najua kuna anayesoma hapa akisema, "Lakini pasta, hata pale kwenye ndama ya dhahabu watu walicheza." Kweli kabisa. Kutoka 32, Musa anashuka mlimani, anaiona ndama na michezo, anazitupa zile mbao za mawe.

Lakini rudi nyuma kidogo, Kutoka 15. Watu wale wale, wakiwa wametoka tu kuvuka Bahari ya Shamu, wanawake wanamfuata Miriamu kwa matari na kucheza, na Mungu hawakemei. Miguu ni ile ile. Haijapita hata miezi mingi. Kilichobadilika ni kilichosimama katikati ya duara. Kwenye bahari, katikati yuko Bwana aliyewaokoa. Chini ya mlima, katikati iko ndama.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama densi fulani ni njema au mbaya, usianzie kwenye miguu. Uliza, katikati kumewekwa nini?

Chuoni tulifundishwa neno la Kiebrania "machol", linalomaanisha kucheza. Ndilo lililotumika katika Zaburi 149 na 150 pale watu wa Mungu wanapoambiwa wamsifu kwa ngoma na kucheza. Na lile la Kutoka 32, kwenye ndama, linatoka mzizi huo huo. Mzizi mmoja. Biblia haikuona haja ya kuwa na neno moja la densi takatifu na lingine la densi chafu. Ilitaka tupime.

Tazama Marko 6 pia. Binti wa Herodia alicheza kwenye sherehe ya Herode, na usiku ule kichwa cha Yohana kikaletwa kwenye sinia. Mara ngapi tumehubiri kwamba densi ndiyo iliyomuua Yohana? Soma tena. Msichana alikuwa chumba kimejaa wakubwa, mfalme akaapa bila kufikiri, mama akamtumia bintiye kulipiza kisasi. Mle ndani watu wazima wote walikosea. Na sisi tumemlaumu mtoto.

TUSEME UKWELI KUHUSU HOFU YETU

Mimi nimezaliwa Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Kwetu ni isukuti. Anayeijua hahitaji kuelezwa. Asiyeijua, ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na ikianza huwezi kukaa. Inachezwa mtoto akizaliwa, kwenye harusi, na kwenye mazishi pia. Nyanya yangu alikuwa mchezaji hodari. Alipookoka aliambiwa aache, akaacha. Alimpenda Yesu kwa moyo wote mpaka kufa kwake. Lakini nakumbuka nikiwa mdogo, ngoma zikilia ng'ambo ya mto, mabega yake yalikuwa yakitikisika akiwa ameketi jikoni, kisha anajishika, kana kwamba ameiba.

Siwadharau waliomwambia aache. Kuna ngoma zilizoambatana na pombe, na nyingine na mambo ya mizimu, na mtu aliyeokoka jana anahitaji umbali. Lakini tulichofanya ni kutupa maji ya kuoga pamoja na beseni. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaoijua wamezeeka na vijana wanaojifunza ni wachache. Nilipolisoma hilo nilifikiria mabega ya nyanya yangu.

Hofu hiyo tumeirithi. Ndiyo maana leo mzazi akisikia "shule ya densi" anashtuka, lakini mtoto yule yule akikaa na simu chini ya blanketi saa nne usiku akijifunza mitindo ya TikTok, mzazi hashtuki kwa sababu hasikii kelele.

Nisikilize hapa, mzazi. MTOTO WAKO TAYARI ANACHEZA. Anacheza shuleni, anacheza njiani, anacheza mbele ya kioo ukiwa sokoni. Swali si kama atacheza. Swali ni nani atamfundisha, wapi, na mbele ya nani. Ukikataa mwalimu mwenye jina, uso na mlango ulio wazi, hujaiondoa densi. Umemwachia mtoto mwalimu ambaye hutamjua kamwe.

NA SHILO NAYO TUSIISAHAU

Sasa, kabla hujakimbia kumwandikisha, kaa chini kwanza. Sitaki mtu aseme pasta amefungua milango yote.

Waamuzi 21 ina habari ambayo huihubiri mara chache. Mabinti wa Shilo walitoka kucheza wakati wa sikukuu ya Bwana. Sikukuu halali, densi halali. Lakini kwenye mashamba ya mizabibu wanaume walikuwa wamejificha, wakaruka na kuwanyakua. Tena waliotoa mpango huo walikuwa wazee wa kusanyiko!

Mabinti hawakukosea kucheza. Waliopaswa kuwalinda ndio waliokosea. Kwa hiyo wewe mzazi usimzuie binti kwenda Shilo, kagua mizabibu. Haya ndiyo maswali niliyomuuliza yule mwalimu, na nakuomba uyaulize kwenye shule yoyote ya densi kabla hujalipa hata shilingi:

1. Mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama? Kama jibu ni hapana, mshike mtoto mkono mrudi nyumbani. Usibishane.

2. Nani mwingine mtu mzima yuko ukumbini? Mwalimu asibaki peke yake na mtoto mmoja, iwe kabla ya kipindi au baada. Uliza kama walimu wana cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mwalimu mwema hataudhika.

3. Anawashikaje watoto anapowarekebisha? Niliona mwalimu huyu akiuliza, "Naweza kukugusa bega?" kabla ya kunyoosha mkono. Mtoto anayefundishwa kwamba mwili wake unaombwa ruhusa, huyo unampa ngao ya maisha. Na mfundishe nyumbani namba 116, laini ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

4. Nyimbo zinasema nini? Omba orodha. Usiishie kwenye mdundo, sikiliza maneno. Kama wewe unaona haya kuyasoma kwa sauti mezani, mtoto asiyachezee.

5. Nani anapiga video, na zinakwenda wapi? Hapa ndipo mizabibu ya siku hizi ilipo. Una haki ya kusema mtoto wako asipigwe picha, na shule inapaswa kuheshimu hilo.

6. Miili yao inatunzwa? Wanapasha mwili joto kwanza? Kwenye sakafu ya simenti mruko mwingi huumiza magoti na miundi. Mwalimu anayejua kazi hupunguza miruko na huwapa mapumziko ya maji.

7. Gharama na ratiba zikoje? Anza kwa kulipa kipindi kimoja kimoja kama wanakubali. Usinunue mavazi wala viatu vya bei mwezi wa kwanza. Nguo pana ya kawaida isiyombana na isiyomwaibisha inatosha. Na kama mazoezi yatakula ibada ya Jumapili kila wiki, hapo zungumza nao mapema.

Shule niliyoiona ilijibu sita kati ya hayo vizuri. La video walikuwa hawajalifikiria. Mwalimu alikubali mbele yangu, na siku hiyo hiyo akawaandikia wazazi kuwaomba ruhusa. Shule si kamilifu. Hata kanisa letu si kamilifu, na bado tunawaambia watu waje.

KWA ANAYEANZA

Sasa nazungumza na wewe mtoto, kijana, au hata mama wa miaka 50 ambaye daktari amekuambia utembeze mwili. Maana nilipouliza, niliambiwa saa tano kuna kipindi cha watu wazima, na nusu yao ni mama zetu wa kanisa ambao wamekuwa wakienda kimya kimya wakiogopa pasta. Mnisamehe, mama zangu. Hamhitaji kujificha tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na watu wazima kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki. Watoto wetu wakitoka shule wanakaa kwenye kazi ya ziada, kisha kwenye simu. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6. Hekalu halifungwi madirisha mwaka mzima.

Siku ya kwanza utajiona kama mti. Ni sawa. Mkono wako wa kulia utasahau wa kushoto unafanya nini. Utamtazama aliye mbele naye atakuwa amekosea. Usile chakula kizito kabla ya kwenda, beba maji, vua kiburi pamoja na viatu. Usijipime na aliyeanza mwaka jana. Jipe miezi mitatu. Kipawa huja kikiwa mbegu, na hakuna mbegu iliyoota kwa kutazamwa.

Tena usianze kwa sababu unataka jina. Ni kweli, kuna milango mikubwa iliyofunguka kwenye vyumba vidogo. Kule Kibera watoto wamejifunza baleti darasani, madawati yakiwa yamesogezwa pembeni, na mwalimu wao mmoja, Michael Wamaya, akawa miongoni mwa 10 bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2017. Joel Kioko, kijana wa Nairobi aliyekulia mtaa wa mabanda, alifika hadi shule ya baleti London. Mungu hashindwi. Lakini wengi hawatafika London, na densi haitakuwa imepotea bure. Mtoto aliyejifunza kusubiri hesabu yake, kuanza upya bila kulia, na kumngoja aliye nyuma, huyo atakuwa mume mwema, mke mwema, mfanyakazi mwema. Atakuwa hata mshirika mwema kuliko baadhi yetu tunaogombania viti vya mbele.

KWA WAZEE NA MASHEMASI WENZANGU

Nilipowaeleza wazee haya, mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, alisema, "Pasta, leo ni densi ya watoto, kesho itakuwa nini?" Sikumpuuza. Amelea watoto saba na ameona vijana wengi wakipotea. Nilimjibu, "Mzee, yule wa miaka 9 iliyopita hakupotezwa na densi. Alipotezwa na mimi." Alikaa kimya muda mrefu.

Nimewaomba tufikirie jambo moja. Ukumbi wa jamii ukikodishwa kwa harusi, wale watoto hukosa kipindi, na ukumbi wetu wa kanisa siku za Jumamosi hulala tupu umefungwa kufuli. Nimependekeza tuwape. Hatujakubaliana bado, na sitalazimisha. Lakini nimewaomba wazee kitu kimoja kabla ya kupiga kura. Kila mmoja aende akakae pale Jumamosi moja, saa nzima, kwenye kiti cha plastiki. Baada ya hapo, hata wakikataa, nitakubali, maana watakuwa wamekataa kitu walichokiona.

Turudi Luka 15 tumalize. Kaka mkubwa alibaki nje, lakini hakuachwa. Baba alitoka kwenye sherehe akaenda kumsihi. Baba yule yule aliyemkimbilia mdogo barabarani ndiye aliyemfuata mkubwa uani. Yesu hakutuambia kama aliingia. Naamini aliacha hapo makusudi, ili kila mmoja wetu ajaze mwisho wake.

Mimi niliingia Jumamosi. Nimechelewa miaka 9, lakini niliingia.

Mama uliyeniandikia, hili ndilo jibu langu, na nimelitoa hapa kwa wote kwa sababu umeniruhusu. MPELEKE. Lakini Jumamosi tatu za kwanza, nenda naye, ukae, utazame. Akirudi nyumbani, usimuulize tu "umejifunza nini?" Muulize, "Nani alikuwa pale? Kuna kitu hukukipenda?" Na jioni moja mwombe akufundishe wewe zile hatua nane, jikoni, mziki ukiwa chini. Hapo utajua kama unamlinda au unamwonea. Ukicheka naye, unamlinda.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe sisi tuliohukumu kwa mbali. Tulinde watoto wetu wanapotoka kucheza. Funua kila aliyejificha kwenye mizabibu. Wape walimu wa mitaa yetu moyo safi na mikono safi. Na wale tuliowafunga nje kwa maneno yetu, tupe miguu ya kuwafuata uani, kama ulivyotufuata sisi. Amina.

Kama una mtoto, mdogo wako au rafiki ambaye kanisa lilimwambia achague na akaondoka, usimtumie ujumbe huu. Mpigie simu. Ujumbe huu mtumie mzazi mmoja anayeogopa kuuliza. Na kama umesema Amina, iandike hapa chini tuombeane.

Tuonane Jumapili saa tatu. Sifa zikianza, msinitazame miguu.

Mtumishi wenu katika Kristo,
Pasta